Mahali Mkono Ulipopita

Mafuta ya taa yana harufu yake, na rangi ya mafuta ina yake, lakini vikikaa pamoja kwenye kitambaa kwa miaka mingi huzaa harufu ya tatu, na hiyo ndiyo harufu ya baba yangu. Mwezi uliopita nilifungua sanduku lake la brashi, kule Daraja Mbili, Arusha, kwenye chumba tulichoishi, ikanipokea kabla sijaona kilichomo ndani. Nilikuwa nimefuata brashi moja tu. Nikajikuta nimekaa sakafuni mpaka chai niliyoiacha mezani ikapoa.

Baba alikuwa mwandika mabango. Kama uliwahi kupita mitaa yetu nilipokuwa mtoto, basi umeusoma mkono wake bila kumjua mwenyewe. Ile "Usikojoe Hapa" ya herufi nyekundu zenye kivuli cheusi ilikuwa yake. "Nyumba Hii Haiuzwi" zilikuwa zake nyingi tu, maana matapeli wa nyumba hawakuisha mjini. Aliwaandikia mafundi cherehani, wauza supu na makanisa. Kwenye vibanda vya vinyozi alichora vichwa vya wanaume walionyolewa kila mtindo unaoujua, na wote walikuwa na sura moja, sura ya mjomba wangu, kwa kuwa ndiyo sura pekee aliyoiweza. Mjomba alikuwa akisema mjini yeye ni maarufu kuliko mbunge.

Mama alikuwa jicho lake. Mwandika mabango akiwa juu ya ngazi yuko karibu mno na herufi zake, hawezi kuona kama zimeinama. Kwa hiyo mama alivuka barabara, akasimama upande wa pili mikono kiunoni, akatazama, kisha akapiga kelele mtaa mzima usikie: "Baba Neema, hiyo K imelewa!" Watu wakacheka, baba akacheka, na K ikanyooshwa. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika kopo la rangi. Nililishika kwa mikono miwili, shingo juu, nikisubiri brashi ishuke kuchovya na kupanda tena, na niliamini kwamba bila mimi Arusha nzima isingekuwa na maandishi.

Mama alifariki wakati wa masika, kifua kilipombana asipone. Tulimzika Akheri, kijijini kwetu mlimani Meru, kwenye kihamba cha babu, katikati ya migomba na mibuni. Seremala aliyeleta msalaba wa mbao, umeshapakwa rangi nyeupe, aliuliza aandike jina gani. Baba akamwambia, "Acha. Nitaandika mwenyewe." Hakuna aliyeshangaa. Nani mwingine angeandika?

Lakini hakuandika. Mvua ziliisha, kahawa ikachumwa, msalaba ukabaki mweupe. Kila tulipopanda Akheri baba aliingia kihambani, akasimama mbele yake kidogo, akarudi kunywa chai kwa shangazi Naomi, dada yake. Majirani wakasema kinyozi hajinyoi, wakacheka. Baadaye wakaendelea kusema bila kucheka.

Mimi nilikuwa na hofu yangu ambayo sikumwambia mtu. Pale kihambani palikuwa na mahali ambapo shangazi alinikataza kukanyaga, ingawa hapakuwa na kitu chochote cha kuona, majani makavu ya migomba tu. "Usipite hapo, kuna mtu," alikuwa akisema. Nikiuliza ni nani, anasema ni mdogo wake babu, au labda ni mama yake babu, waliojua wameshaondoka wote. Masale yaliyopandwa kuonyesha kaburi yalishakufa zamani. Basi kila mvua iliponyesha usiku, pale mjini nikiwa kitandani, niliwaza majani yanavyoota Akheri, nikamwona mama yangu naye anageuka kuwa "kuna mtu".

Na nyumbani hapakuwa na wa kumuuliza. Baba hakuwa mkali wala mlevi, ningetaka ujue hilo. Alinipikia, alinisuka nywele vibaya, alinipeleka shule. Alichokiacha ni kusema. Tulikula ugali tukitazamana, nikisikia redio ya jirani ukutani, na nilijifunza kutofautisha vikohozi vyake kwa sababu ndivyo vilivyokuwa mazungumzo yetu. Akiwa juu ya ngazi nilijaribu siku moja kuvuka barabara kama mama. Nilisimama, nikaweka mikono kiunoni, nikaona kabisa kwamba R imeinama. Sauti ikakataa kutoka. Nikarudi kushika kopo, na ile R ikabaki imeinama hivyo hivyo mpaka lile duka lilipovunjwa.

Kazi zenyewe nazo zilikuwa zinapungua. Siku hizo zilikuwa zimeingia mashine za kuchapa mabango ya plastiki, na watu wakaona ni afadhali, picha ya kuku inafanana na kuku. Ndipo akaja Mama Mei.

Mama Mei alikuwa Mchina aliyekuwa anafungua hoteli ya chakula upande wa Njiro. Jina hilo walimpa wauza mboga wa sokoni, kwa vile alikuwa na kabinti kadogo kanakoitwa Mei, na Kiswahili chake alikuwa amekiokota huko huko sokoni. Alitaka bango la mbao. La plastiki, alisema, upepo unakula. Akampa baba karatasi ya fotokopi yenye herufi mbili za Kichina.

"Hii wingu," akasema akionyesha kwa kidole. "Hii mlima. Jina ya hoteli. Kwetu iko mlima na wingu. Hapa pia, kila asubuhi natafuta Meru, naona wingu."

Nakwambia nilizipenda zile herufi pale pale. Sisi herufi zetu kila moja ni sauti tu, peke yake haina maana. Yao moja ni neno zima. Ile ya mlima hata mtoto angeisoma: kilele kirefu katikati na mabega mawili pembeni, vimekaa juu ya ardhi. Ile ya wingu ilikuwa na mvua juu yake, matone yamepangwa chini ya paa, na chini ya mvua mstari mrefu uliopita kutoka kushoto. Mstari huo ulianza mweusi tii, halafu katikati ukaanza kukauka, ukapasukapasuka kuwa nyuzi nyeusi na nyeupe, ukaisha hivyo.

Baba akafanya kazi kama alivyojua kuifanya. Akachora viboksi kwa penseli juu ya karatasi, akachora vikubwa juu ya ubao, akahamisha kila mkunjo mpaka mahali pake. Akachora kingo za herufi, kisha akajaza ndani kwa rangi nyeusi. Alipofika kwenye ule mstari uliopasuka akasimama, akautazama sana.

"Wino ulimwishia mwenzetu," akasema. "Au mashine ya fotokopi ilikuwa mbovu. Tumsaidie."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote nilizozisikia kwake kwa miezi. Akachovya kwenye kopo langu, akachovya tena, akauziba mstari wote mpaka ukang'aa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwandika mabango anayeacha michirizi ni mvivu au ni mwizi wa rangi; hivyo ndivyo alivyofundishwa. Tulilitazama lile bango nikaona ni zuri mno, na nilijisikia kama nimeshiriki kuandika Kichina.

Tulilipeleka asubuhi yenye ukungu. Mama Mei alikuwa na baba yake, mzee mwembamba aliyevaa sweta mbili, aliyekuja kuishi naye Arusha baada ya kufiwa na mkewe. Nilimwamkia, "Shikamoo, babu." Naye akainama akanijibu, "Shikamoo." Nikabaki sijui mkubwa ni nani.

Mzee akaliendea bango. Alianza na mlima, akatikisa kichwa kuonyesha sawa. Alipofika kwenye wingu akanyoosha kidole, akakipitisha polepole juu ya ule mstari tulioujaza, kutoka mwanzo mpaka mwisho, bila kuugusa. Halafu akaondoka, akaenda kukaa kwenye kiti karibu na dirisha, akatugeuzia mgongo.

Mama Mei aliona aibu. "Nzuri," akasema. "Nzuri sana, Baba Neema. Lakini..." Akatushika mikono, akatuingiza ndani mpaka kwenye ukuta ambapo ilining'inia ile karatasi yenyewe, ile iliyotolewa fotokopi. Ilikuwa ya zamani, imeanza kuwa ya njano. Michirizi ilikuwepo. Kwenye wino wa kweli ilionekana vizuri zaidi, myembamba, mingine kama unywele, na ndani yake ungeweza kuona jinsi mkono ulivyokwenda kasi.

"Hii iliandika mama yangu," akasema. "Amekufa. Baba kila asubuhi anakuja, anaangalia hapa." Akagusa hewa mbele ya mahali peupe. "Hapa nyeusi, ni wino. Hapa nyeupe, ni mkono ya mama inapita. Wewe umefunika. Sasa mkono haiko."

Baba akasogea karibu na ile karatasi. Nilimtazama usoni, nikaogopa, kwa sababu ulikuwa uso wake wa siku ya mazishi. Sijui tungesimama pale mpaka lini. Aliyetuokoa ni yule mzee. Alitoka na ndoo ya maji na brashi nene yenye mpini mrefu kama wa ufagio, akaenda uani kwenye sakafu ya saruji, akaanza kuandika kwa maji.

Sijawahi kuona kitu kizuri namna ile, na nimeshaona mengi tangu hapo. Alisimama kwanza, akatulia, akapumua. Brashi ilisimama wima chini ya mkono wake. Kila mstari aliuanza kwa kurudi nyuma kidogo, kama mtu anayetaka kuruka mfereji, halafu akauachia. Palipotakiwa uzito alizama, palipotakiwa wepesi aliinuka, na mwili wake mzima ulikwenda na mkono, sweta mbili na magoti na vyote. Hakurudia mstari hata mara moja. Ukishapita umepita, ukiurudia unaonekana umeurudia. Maji yalipopungua kwenye brashi, saruji ilijitokeza katikati ya mstari, kavu na nyeupe, na hapo hapo ndipo mstari ulipoonekana kuwa hai. Jua lilikuwa limeanza kutoka. Alipokuwa bado anaandika huku mwisho, herufi za mwanzo zilikuwa zinakauka nyuma yake, zinapotea, na yeye hakugeuka kuzitazama.

Baba akachuchumaa. Akatazama mpaka uwanja wote ukakauka.

Lile bango tulilirudisha nyumbani, akalipiga msasa lote, akaanza upya. Na tangu siku hiyo, kila kazi ilipokosekana, alikwenda Njiro. Mzee alimpa brashi ya pili na ndoo yake. Ndani walimwonyesha jinsi kijiti cheusi cha wino kinavyosuguliwa na maji juu ya jiwe, taratibu, mpaka chumba kinanukia moshi na dawa ya nondo wa nguo. Hawakuwa na lugha moja. Mzee alimshika kiwiko akakiinua, maana baba alizoea kuegemeza mkono. Baba akakosea, mzee akacheka na kummwagia maji kwenye viatu. Mimi nilikaa kwenye ngazi za jikoni baada ya shule, nikiwatazama wajane wawili wakiandika vitu vinavyokauka, na nitasema ukweli, niliumia. Nilikuwa nimekaa na kimya cha baba mwaka mzima nikikisubiri kifunguke, na kilipofunguka kilifungukia kwa mtu asiyejua hata kusema marahaba.

Bango la pili lilipopandishwa, mstari wa wingu ulikuwa na michirizi yake. Wapita njia walimwambia baba rangi imebanduka. Yule mzee alisimama chini yake muda mrefu, kisha akainama kwa baba kama alivyoniinamia mimi.

Juni ikafika na baridi yake, na shangazi Naomi akatuma ujumbe kwamba ukoo umepanga siku ya kumkumbuka mama. Mbuzi ameshapatikana, mwinjilisti ameshaambiwa. "Na mwambie baba yako," alinieleza kwenye simu, "safari hii nataka nilione jina. Watu wasije wakasali mbele ya ubao."

Asubuhi hiyo Akheri ilikuwa na ukungu hadi kwenye majani ya migomba, matone yanadondoka bila mvua. Wanawake walikuwa jikoni wakipika loshoro, mahindi na maziwa ya mgando. Baba alinichukua kabla watu hawajajaa, tukaingia kihambani, yeye na brashi moja, mimi na kopo. Shangazi alitufuata nyuma akijifunga kanga vizuri.

Baba akaufuta msalaba kwa kitambaa. Hakuchora viboksi. Hakutoa penseli wala uzi wa chaki. Alichovya brashi kwenye kopo langu mpaka ikalewa rangi, akaipangusa kidogo kwenye ukingo, kisha akaniambia, "Neema, nenda na kopo lako kasimame pale kwenye mgomba. Uniangalie."

Pale kwenye mgomba palikuwa mbali, msomaji wangu. Hapo ndipo mama angesimama. Nilikwenda na kopo limebanwa kifuani, nikageuka, nikataka kuweka mikono kiunoni nikakumbuka nimeshika rangi.

Alisimama akapumua. Halafu mkono ukaenda. Aliandika jina la mama kwa mwandiko wa kuunganisha, ambao sikuwahi kumwona akiutumia kwenye bango lolote: E kubwa, s, t, na a ya mwisho ambayo mkia wake aliuvuta, akauvuta, kuelekea ukingo wa mbao. Esta. Mkia ulianza mweusi. Ukaanza kupasuka. Nyuzi nyeupe zikatokea katikati yake, zikazidi, na kabla haujafika mwisho rangi ikawa kama haipo.

Nikapiga hatua kumpelekea kopo. Bila kugeuka akainua mkono wa kushoto: simama hapo.

"Rangi imekuishia?" shangazi akauliza. "Si mtoto ana kopo? Chovya basi, umalizie."

"Nimemaliza," baba akasema.

"Yona, hilo jina halijaisha."

"Naomi." Hakupaza sauti. "Nimemaliza."

Watu wakaja, tukaimba, mwinjilisti akaomba. Niliwasikia nyuma yangu wakinong'ona kwamba masikini Yona, hata rangi ya jina la mkewe imemshinda. Nilitazama chini kwa aibu. Jina lilikuwepo, mama yangu hakuwa tena "kuna mtu", na usiku huo nililala vizuri kuliko nilivyolala tangu masika aliyofariki. Lakini nilibaki nimemkasirikia baba kwa ule mkia kwa miaka. Nilimkasirikia nikiwa sekondari, nilimkasirikia nikiwa na kazi yangu. Tulikuwa tukienda Akheri pamoja, yeye anasimama karibu kabisa na msalaba, macho yapo pale kwenye nyuzi nyeupe, mimi nasimama nyuma nikiwaza kwamba brashi moja tu ingetosha kupaziba. Hatukuzungumza habari hiyo hata mara moja. Mama Mei na baba yake walishahama mji zamani, na hapakuwa na mtu mwingine wa kunitafsiria.

Baba alitutoka mwaka huu. Binamu zangu walitaka jina lake lichapwe mashineni, na picha yake juu, kazi ya nusu saa. Nikasema nitaandika mwenyewe. Ndiyo maana nilikwenda kufungua lile sanduku, na ndiyo maana chai ilipoa. Nikiwa pale sakafuni, na kitambaa chake puani, ndipo nilipolikumbuka kopo. Sikukumbuka aibu wala minong'ono, nilikumbuka uzito wake. Lilikuwa zito siku ile. Lilikuwa limejaa, nilitembea nalo polepole kwa kuogopa kulimwaga, na aliyelituma mbali naye ni baba mwenyewe. Alichovya mara moja, akalipeleka mbali asije akashawishika kuzidisha, akampa mke wake ile rangi iliyokuwa kwenye brashi mpaka ilipomwishia, akaacha mahali mkono wake ulipopita paonekane. Na mimi akanipa nafasi ya mama, jicho lake, nami nikaiona kama ni kufukuzwa.

Juzi nilipanda Akheri peke yangu. Msalaba wake uko kando ya wa mama, mbao mpya, mweupe. Niliufuta. Nikachovya brashi, nikaipangusa. Hapakuwa na mtu wa kumpa kopo, kwa hiyo nililibeba mwenyewe mpaka kwenye mgomba, nikaliweka chini, nikarudi na brashi tu. Nikasimama nikapumua. Niliandika Yona kwa mwandiko wa kuunganisha, kiwiko juu, na mkia wa ile a ulipoanza kupasuka nikauacha uende mpaka ulipokwisha.

Kisha nikarudi kwenye mgomba, nikaweka mikono kiunoni, nikatazama. Y ilikuwa imeinama kidogo.

"Baba Neema," nikasema, na safari hii sauti ilitoka, "hiyo Y imelewa."

Matone yalikuwa yanadondoka kwenye majani. Nikaokota kopo, nikaenda kumwamkia shangazi.